Mtu wa Skrap Anataka Kistuli cha Susu kwa Nini? Pesa ya Vitu vya Zamani Inatupita Hivi Hivi Katelembo

Wacha nikupe picha. Ni Jumamosi asubuhi, niko Katelembo, hapo tu nje ya Machakos town. Jina la Katelembo wengi wenu mnalijua kwa stori za ploti na mashamba ya ushirika, lakini mimi nilikuwa nimeenda tu na beste yangu kusalimia susu wake. Kwa wale hawajui Kikamba, susu ni shosh, na umau ni guka.

Chai haijaisha, nduthi inaingia. Msee anashuka na gunia na ile mizani ya kuning'iniza. "Susu, kuna vyuma leo?" Vyuma viko. Pasi ya makaa imekatika mpini, sufuria mbili zimetoboka, fremu ya baiskeli Black Mamba. Anapima, anahesabu kwa kichwa, anatoa soo mbili na finje. Hadi hapo hakuna shida, hiyo ni kazi yake na anaamka mapema kuliko mimi na wewe.

Halafu akiwa tayari amekalia nduthi, funguo iko mkononi, anaangalia verandani kama mtu amekumbuka kitu kidogo. "Na hicho kistuli, susu? Nikuongeze soo tatu nikiondokee nacho, cha kukalia tu."

Kistuli chenyewe kina miguu mitatu, kimechongwa kwa kipande kimoja cha mti, na juu kuna waya ya shaba imezungushwa na kupigwa ndani ya mbao kama konokono. Kimekaliwa na umau hadi kikang'aa. Susu alikuwa ameshaanza kukubali. Soo tatu ni unga na mabadiliko.

Sasa jiulize swali moja. Mtu wa skrap ananunua chuma kwa kilo. Mbao anaitaka ya nini?

Hapo ndipo hii stori inaanzia, na si ya Katelembo peke yake. Kila boma la zamani Ukambani, Murang'a, Kakamega hadi Kilifi kuna mtu anapita na gunia. Ukiangalia hiyo biashara vizuri, utaona chuma ni tiketi tu ya kuingia kwa gate. Ukiwa mtu wa vyuma unaruhusiwa kuzunguka nyuma ya nyumba, unachungulia stoo, unaona nini iko chini ya kitanda. Na broka mjanja ana sheria moja: kile kitu anachokitaka kwelikweli hakitaji kwanza. Anakitaja mwisho, akiwa ameshika funguo, ndiyo wewe uone ni kitu cha kutupa.

Serikali yenyewe inaangalia chuma tu. Unakumbuka Januari 2022, baada ya milingoti ya stima kuanguka na nchi kuingia giza, Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu. Mei mwaka huohuo marufuku ikaondolewa kwa masharti mapya ya leseni. Ile Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka muuzaji na mnunuzi wajulikane. Sasa niambie, kistuli cha mti kinaandikwa wapi kwa hicho kitabu? Hakiandikwi. Kinapita.

Na wakati mzuri wa kukipitisha ndio huu. Wazee wanaenda, watoto wako Nairobi na Qatar, ploti zinagawanywa, nyumba ya matofali ya zamani inabomolewa kupisha ghorofa ya kukodisha. Wanaosafisha stoo ni sisi, kizazi cha simu, na sisi ndio tunajua bei ya iPhone iliyotumika hadi senti ya mwisho lakini tukiona kitu cha umau tunauliza kitupwe wapi.

Kistuli kinasema nini

Turudi kwa kile kistuli maana hapo kuna mambo. Zamani mzee wa Kikamba alikuwa na kiti chake, anakibeba mwenyewe hadi kwa kikao cha wazee au penye pombe inanywewa. Hakikuwa fanicha ya nyumba, kilikuwa cheo. Na Wakamba walikuwa mafundi wa waya kabla mkoloni hajafika: shaba na vyuma vyembamba vilivutwa, vikasukwa kuwa minyororo, vikapigwa ndani ya mbao. Ndiyo maana viti vya aina hiyo viko kwa makumbusho ya Ulaya na Marekani leo.

Sasa utajuaje kama cha nyumbani kwenu ni cha zamani ama kilinunuliwa kwa barabara ya Mombasa mwaka wa 2004? Kigeuze. Watu wote wanaangalia juu, lakini ukweli uko chini. Chini ya kiti cha zamani hakuna vanishi, kuna alama za tezo zisizofanana, na mbao imekauka rangi ya vumbi. Angalia miguu: mahali inapogusa ardhi inafaa kuwa imelika, na kila mguu umelika kivyake, kwa sababu mtu hakai sawasawa maisha yake yote. Angalia waya. Ikiwa ya zamani imezama kwa mbao, vidole vikipita havishikwi, na kipande kimoja ama viwili vimeng'oka vikaacha mfereji. Ya kuzeesha kwa nguvu utaiona imechafuka kila mahali sawasawa, hata pembeni ambako mkono haufiki. Uzee wa kweli hauko sawa. Unang'aa pale palishikwa na unabaki mkavu pale hapakushikwa.

Kama kimepasuka kikarekebishwa na kipande cha bati ama waya, usilie. Kwa watu wa hii michezo, rekebisho la zamani ni ushahidi kwamba mwenyewe alikipenda.

Lakini usiruke juu bado, maana Machakos ndiyo nyumbani kwa kiwanda kikubwa cha vinyago, na hii inachanganya watu. Mutisya Munge wa Wamunyu alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona jinsi Wazaramo wanachonga, akarudi nyumbani na kuanza kuchonga vya kuuzia wazungu. Kutoka kwake Wamunyu nzima ikashika, ikafika Nairobi, ikafika Changamwe kule Mombasa ambako ushirika wa wachongaji Wakamba uko tangu miaka ya sitini. Kwa hivyo yule twiga, yule mzee wa ndevu na mkuki, vile vijiko vya saladi vyenye kichwa cha simba, hiyo ni kazi ya biashara ya karne moja. Si takataka, kuna mafundi noma humo, na kipande cha miaka ya hamsini kilichochongwa vizuri kina watu wake. Ila si kitu cha mababu wa mababu. Na barakoa? Buda, barakoa nyingi unazoona zikiuzwa na mchongaji wa huku zimeigwa kutoka Kongo na Afrika Magharibi. Mtu akikuambia hiyo ni barakoa ya kale ya Wakamba, mwambie akupe na nauli.

Mpingo nao una feki yake: mti mweupe umepakwa rangi ya viatu. Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba ukitiwa kwa maji unazama. Lakini usianze kuzamisha vitu vya watu. Ushike tu kwa mkono, halafu chini kabisa pahali hapaonekani sugua na pamba nyeupe yenye spiriti kidogo. Pamba ikigeuka nyeusi, umejua.

Sarafu, Singer na uongo wa TikTok

Kila baada ya miezi kadhaa kuna video inazunguka: sijui tajiri fulani anatafuta sarafu ya shilingi 40, sijui noti ya zamani ya thao inanunuliwa kwa laki. Tulia. Ile ya 40 yenye kichwa cha Kibaki ilitoka 2003, Kenya ikifikisha miaka 40 ya uhuru, na ziko kwa droo za watu kibao. Noti ya thao ya zamani ilikufa mwisho wa Septemba 2019, na kama ulisahau zako kwa kitabu cha hesabu, pole, hiyo si antiki, ni hasara. Na mtu yeyote anayesema atanunua sarafu yako kwa mamilioni lakini kwanza umtumie ada ya usajili kwa M-Pesa, huyo ni konman. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi.

Vya kuangalia viko pengine. Kwa kopo la vifungo la susu kuna shilingi za East Africa, simba mbele ya milima. Angalia mwaka. Zile za 1921 hadi 1925, na zile za 1937 hadi 1946, robo yake ni fedha, yaani ile silver ya pete. Kuanzia 1948 hakuna fedha ndani, ni shaba na nikeli. Shilingi moja ya aina hiyo ina uzito wa karibu gramu 7.8, kwa hivyo ndani kuna karibu gramu 1.94 za fedha. Oktoba 2025 fedha ilipovuka dola 50 kwa aunsi moja, hiyo gramu 1.94 ilikuwa inaitisha karibu soo nne za Kenya kwa sarafu moja, bila hata kuongelea uzee wake. Sawa, hakuna mtu atakupa hizo zote, kwa sababu kutoa fedha kwa mchanganyiko ni kazi na hasara. Lakini sasa unaelewa kwa nini mtu wa gunia anakuwa mpole sana akiona kopo la vifungo. Anataka kulinunua "pamoja na kopo lake".

Kuna pia ile ya kutoboka katikati. Ya senti 5 au 10 ya mwaka 1936 inaweza kuwa na jina la Edward wa Nane, yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo kabla hata hajavikwa taji. Kwao sarafu zenye sura yake hazikutoka kwa umma, lakini hizi zetu zina tundu, hazina sura, kwa hivyo zilitoka kwa wingi. Stori ni tamu kushinda bei, kwa sababu ziko nyingi. Na hilo ndilo funzo la sarafu zote: uzee peke yake si pesa. Kinacholeta pesa ni uchache, hali yake, na kama kuna watu wawili wanaoitaka kwa wakati mmoja. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916 wakiwa wamezingirwa na vita, hazikufika hata elfu 17. Hiyo ukiipata, nipigie. Mimi si broka, nataka tu kuiona.

Chochote utakachopata, usikisugue. Narudia, weka hiyo Vim na hiyo steelwool chini. Sarafu iliyong'arishwa inapoteza bei siku hiyohiyo, na kistuli kilichopakwa vanishi "ndiyo kikae kipya" kimekufa kwa mtu anayetafuta kizee.

Cherehani za Singer ndizo zina uongo mwingi zaidi. Umesikia ile ya zebaki nyekundu? Mwaka 2009 Saudi Arabia nzima ilichizi, watu wakajazana masokoni kutafuta Singer za zamani, eti sindano yake ina zebaki nyekundu inayoponya na kuita mali. Polisi walisema wazi ni utapeli, lakini uvumi haujawahi kufa, na hapa kwetu umehamia hadi kwa redio na TV za mgongo. Hakuna zebaki nyekundu ndani ya Singer. Kuna mafuta na uzi wa susu. Namba iko pale kwa kitako cha mashine, na ukiitafuta kwa orodha za Singer itakuambia mwaka na kiwanda. Nyingi za huku zilitoka Clydebank, Scotland, kiwanda ambacho kilifungwa 1980. Walitengeneza mamilioni, kwa hivyo bei yake si ya kuomoka. Thamani yake kubwa ni kwamba bado inashona, na jirani atakulipa kwa hilo.

Pasi ya makaa yenye jogoo kwa kifuniko? Zinatengenezwa mpya hadi leo. Nzuri kwa rafu ya keja, basi.

Vile vitu vidogo havipimwi kwa kilo

Kama kuna kitu ningeomba ukitafute kwa ile nyumba kabla haijabomolewa, ni kile kidogo kabisa. Wakamba walikuwa wengi sana kwa King's African Rifles. Mwaka 1944 vikosi vya Afrika Mashariki vilikuwa vinapigana Burma kwa matope na malaria, na walioponea walirudi na medali kwa mfuko. Nyota ya Burma, nyota ya Afrika, ile ya 1939 hadi 1945: hizi Uingereza haikuziandika majina, kwa hivyo medali peke yake haisemi ni ya nani. Medali ikiwa na kitabu cha jeshi, picha, ama barua, imebadilika kabisa, imekuwa ya mtu. Zile za vita ya kwanza angalia ukingoni, ule upande mwembamba: mara nyingi namba, cheo na jina la askari vimechorwa hapo. Huyo ni umau wa mtu. Nikiambiwa medali kama hiyo imeenda kwa gunia na sufuria, kwa kilo, mimi nakosa usingizi.

Kuna na kopo dogo la bati la kuvaa shingoni. Wengi hata hawajui ni nini. Ni la kipande, ile pasi ambayo serikali ya mkoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kuanzia karibu 1919 na 1920, alama za vidole ndani na rekodi ya kazi. Watu waliyachukia na wengi waliyatupa, ndiyo maana yaliyobaki ni machache. Likiwa na karatasi yake ndani, hilo si bati tena.

Na santuri. Hapa vijana mnakosa pesa mkiwa mmeikalia. Zile sahani ndogo za 45 za miaka ya sabini na themanini, benga ya Kikamba, Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Lulus, Kyanganga, zina watu Ulaya na Japan wanazitafuta kwa roho yote. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za Kenya, na tangu hapo hamu haijapoa. Kibanda cha santuri Kenyatta Market, Nairobi, hakikosi wageni. Ila hapa hali ni kila kitu. Santuri iliyolala bila karatasi yake, imekwaruzwa na sindano ya gramafoni ya betri miaka ishirini, ni sahani ya kuwekea chai. Iinamishe kwa jua uangalie mistari. Halafu ingia Discogs, andika namba iliyo kwa lebo, na uangalie iliuzwa kwa bei gani.

Iliuzwa, nimesema. Si inauzwa. Hii ndiyo makosa namba moja. Mtu anaingia eBay, anaona msee Florida ameweka kistuli kama chake kwa dola 900, anarudi Katelembo akiwa bilionea kwa kichwa. Huyo wa Florida ameweka tu, labda kimekaa hapo miaka minne. Chuja uone vilivyouzwa na vikalipwa, hiyo ndiyo bei. Hata mimi naweza kuandika gari ya baba yangu ni milioni kumi.

Kwa upande wa mitumba nitapita haraka kwa sababu wasee wa Gikomba na Toi mnanishinda. Kitu kimoja tu: majina ya nchi ni kalenda. Kitu kimeandikwa West Germany, ni kabla ya 1990. Ceylon, kabla ya 1972. Rhodesia, kabla ya 1980. Kikiwa na Tanganyika Territory, ni enzi ya mkoloni. Jinzi ya Levi's yenye herufi zote kubwa kwa ile lebo nyekundu ya mfukoni, LEVI'S na si LeVI'S, ni ya 1971 kurudi nyuma, lakini siku hizi inaigwa na pia kuna za makusudi, kwa hivyo angalia zipu na nyuzi kabla hujapiga nduru sokoni na kumwamsha muuzaji.

Unajua unaweza kufungwa?

Kabla hujaanza kupiga picha na kupost, kuna sheria. Ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inasema kitu cha kubebeka kilichotengenezwa Kenya ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria. Mwaka huo si wa kubahatisha, ndio Uingereza ilitangaza ulinzi wake hapa. Kufanya biashara ya vitu hivyo kunataka leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali. Kistuli cha umau labda ni cha miaka ya ishirini ama thelathini, kwa hivyo kinaweza kuwa nje ya huo mstari, lakini uliza Makumbusho ya Taifa kwanza. Na bangili ya pembe ya ndovu, hata kama susu aliivaa siku ya ndoa, usijaribu kuuza. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina faini za mamilioni hadi kifungo cha maisha, na polisi hawatauliza stori ya harusi.

Sasa utasema, si hiyo sheria ndiyo inamlinda susu? Kwa karatasi, ndiyo. Kwa gate ya Katelembo, ni susu na mtu wa nduthi. Na korti si rafiki ya mtu asiyejua. Cheki kilichotokea Ufaransa. Mwaka 2021 wazee wawili, mume na mke, walikuwa wanasafisha nyumba yao wakakuta barakoa ya Wafang wa Gabon, iliyoletwa na babu wa huyo mume aliyekuwa ofisa wa kikoloni. Wakamuuzia mtu wa vitu vikuukuu kwa euro 150. Machi 2022 ikapigwa mnada Montpellier kwa euro milioni 4.2. Wakaenda kortini Alès. Desemba 2023 jaji akawaambia, kwa ufupi, mlikuwa na nafasi ya kuuliza na hamkuuliza. Gabon nayo iliingia kudai barakoa ni yake, ikakosa pia. Hao ni Wafaransa wenye mawakili, kwao nyumbani. Wewe na susu mtaanzia wapi?

Ndiyo maana nasema picha ina nguvu kushinda wakili. Kule Pwani, mwaka 1985, mtafiti Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliokufa. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy yuko kwa mkutano wa wasomi Marekani, anaangalia slaidi za mwenzake, anaona kigango kilekile kikiwa kwa makumbusho ya Illinois. Cha pili kikapatikana Chuo Kikuu cha Hampton. Kwa sababu picha ilikuwepo, vyote vilirudishwa kwa familia mwaka 2007. Mzee mwenyewe alikuwa ameshakufa. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yakarudisha vingine 30, lakini hivyo havina picha ya mwenyewe akiwa amevishika, na kujua ni vya boma gani ni kazi ngumu. Mradi wa kuhesabu vitu vya Kenya vilivyo nje umepata zaidi ya 32,000 kwa makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kila kimoja cha hivyo kilitoka kwa gate ya mtu.

Kwa hivyo Jumamosi ile, kabla ya chochote, beste yangu alitoa simu. Akakipiga kistuli juu, chini, pembeni, halafu akamwambia susu akishike, akapiga tena. Akawasha rekodi na kumuuliza kilitoka wapi, umau alikinunua ama alipewa, na nani alikichonga. Susu akaongea dakika kumi na saba. Tulijua kilitoka upande wa Masii, kwamba umau alikipata kwa baba yake, na kwamba mguu mmoja ulilika kwa sababu baba mtu alikuwa mlemavu wa mguu wa kulia. Vitu ambavyo beste yangu, mjukuu kamili, hakuwahi kusikia.

Msee wa nduthi alingoja hizo dakika zote kumi na saba. Mtu anayetaka kitu cha kukalia tu hangojangi hivyo.

Susu alimgeukia akamuuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe ukitoka hapa unakipeleka wapi?" Jamaa akacheka, akasema hapo tu mjini. Kwa nani? Akacheka tena. Akasema ataongeza kidogo, soo tano. Susu akasema atafikiria, akamkaribisha chai, jamaa akakataa na akaondoka na sufuria zake.

Saa kumi na moja jioni nduthi ilirudi. Sasa ni thao mbili na mia tano, na hataki hata kukiangalia tena. Susu akamwambia mwenye kiti ameenda sokoni, arudi Jumatatu. Umau amekufa miaka tisa sasa. Tulipobaki watatu, alikiingiza chumbani akafunga mlango, akaketi na sinia yake ya ndengu, akatuuliza bila kutuangalia: "Jumatatu mnadhani atakuja na ngapi?"